Aliyewapa Chawa Jina

Ukikutana na mtoto wa Kindu anajikuna kichwa, muulize ana nini. Atakwambia ana kisebwe. Wakiwa wengi atasema bisebwe. Ukimuuliza kwa nini chawa anaitwa hivyo, atakushangaa, atasema ndilo jina lake. Mimi nikisikia hivyo nacheka mpaka mbavu zinauma. Neno hilo si la zamani hata kidogo. Kisebwe alikuwa mtu, alivaa kaptula ya kaki na filimbi shingoni, na mwanamke aliyemtoa kwenye majina ya watu akamtia kwenye majina ya wadudu alikuwa jirani yangu.

Kwao jirani huyo ni wapi, baba yake alikuwa nani, alikuja Kindu kwa mashua au kwa miguu, hayo usiniulize. Mwenyewe hakupenda kuulizwa. Tulimwita Mama Musuka kwa sababu kazi yake ilikuwa kusuka nywele, na jina hilo lilimtosha.

Jambo moja niliseme mapema, usije ukadhani nasimulia kama hakimu. Kichwa kilichoanzisha haya yote kilikuwa changu. Mimi ndiye mwenye kesi. Kama unatafuta mtu wa kukuambia kwamba ya kale yamepita, tusameheane, basi umekosea nyumba.

Mama Musuka alikuwa na mkeka mmoja, kitana cha mti, na chupa ya mafuta ya kokwa za michikichi ambayo yalinuka sana lakini yaling'arisha nywele vizuri. Ukikaa mbele yake alikubana kichwa katikati ya magoti yake, masikio yote mawili, na hapo hapakuwa na kutoka. Ulisikia sauti yake inashuka kutoka juu. Wanawake wote wa mtaa wetu wamepita kwenye yale magoti, Waislamu na Wakatoliki, wake za makarani na wake za wapagazi wa gati. Siku ya soko walivuka wengine kutoka Alunguli, ng'ambo ya mto, wakangoja zamu ukutani huku wakimenya karanga. Kilichosemwa kwenye mkeka ule asubuhi, jioni kilikuwa kimefika stesheni ya treni, na kutoka stesheni kilikwenda kokote.

Vidole vyake havikuumiza. Ulimi ndio ulioumiza. Lakini usidhani alikuwa mtu wa matusi. La. Msichana akitoa tusi chafu pale mkekani, Mama Musuka alimfungua magoti akamwambia inuka, nenda, na msichana alikwenda nyumbani upande mmoja umesukwa na upande mwingine umesimama wima. Nilimwona binti wa karani mmoja akipita barabarani hivyo, amejifunika kitenge mchana wa jua kali, anatembea ubavu ubavu akificha ule upande. Mama Musuka alisema tusi ni hasira ya mvivu.

"Tusi inakufa jioni," alituambia. "Jina haikufi."

Na alipenda kuuliza maneno. Ugonjwa wake ulikuwa huo. Kila mgeni aliyepita mlangoni aliulizwa neno hili mmelitoa wapi, lile nani alilileta. Wa treni walimwambia shemandefere ni Kifaransa, njia ya chuma. Mchuuzi mmoja aliyekuwa amefika mpaka kwenye bahari ya magharibi alimwambia kapita ni neno la Wareno, walilitumia kwa mkubwa wa askari au wa meli, na sisi tumempa mtu anayesimamia wafagia mitaro. Alicheka siku nzima. Alisema, "Neno haitoke mbinguni. Iko muntu aliisema mara ya kwanza. Mimi nataka kujua ule muntu." Ukimjibu kwamba ndivyo tunavyosema tangu zamani, alikupiga kitana kidogo utosini. Kwake hilo halikuwa jibu.

Neno lililomsumbua kuliko yote lilikuwa boyi. Kindu nzima ilijaa maboyi. Wapishi, wafua nguo, wanaume wenye mvi na wajukuu, Mzungu anasimama barazani anaita boyi, na mzee mzima anakimbia. Mama Musuka aliwauliza wale wapishi wenyewe maana yake, hawakujua. Walidhani ni Kifaransa cha mtumishi. Basi akaja Misi, mwanamke wa misioni ya Waprotestanti, Mwingereza wa kuzaliwa, mwembamba, mwenye subira, aliyekuwa anapita mitaani kuwafundisha wanawake kushona na kuwatazama watoto macho. Alipenda kukaa mkekani kwetu kwa sababu hapo alipata wanawake wengi mahali pamoja. Mama Musuka akamuuliza. Misi akawa mwekundu mpaka shingoni. Akasema neno ni la kwao, la Kiingereza, na kwao maana yake ni mtoto wa kiume.

Mama Musuka aliacha kusuka. Aliuliza kama Wabeleji, hawa wanaotutawala, hawana neno lao la mtoto wa kiume. Misi akasema wanalo. Akauliza kama Waingereza na Wabeleji ni ndugu. Misi akasema si sana.

"Kumbe hata tusi baliazima kwa jirani," akasema Mama Musuka, akarudi kwenye kichwa alichokuwa nacho.

Tangu siku ile Misi hakuwa na raha. Kila akija anaulizwa, neno hili la kwenu nani alilizaa. Naye, maskini, alijitahidi kukumbuka. Alituambia kuna chakula chao cha nyama katikati ya vipande viwili vya mkate, na jina lake lilikuwa la bwana mkubwa mmoja mcheza karata aliyeona uvivu kuinuka mezani kwenda kula. Wanawake walicheka. Mama Musuka hakucheka sana, alisema huyo amepata heshima bure, kwa uvivu. Ndipo Misi akatoa ile habari nyingine, na mimi nilikuwepo, nimekaa nashona pindo la foronya.

Akasema katika kisiwa cha jirani yao palikuwa na msimamizi wa mashamba ya tajiri. Aliwatesa wakulima, aliwatoa kwenye nyumba zao. Wakulima hawakumpiga, hawakumtukana. Walimwacha tu. Hakuna aliyemvunia, hakuna aliyemfulia, mwoka mikate hakumwuzia mkate. Akawa peke yake kama mtu mwenye ukoma, mpaka akahama. Watu wakachukua jina lake wakalifanya neno, na leo Mwingereza akitaka kusema tumemsusia mtu fulani, hutumia jina la yule msimamizi, hata kama hajui kwamba alikuwa mtu.

Mama Musuka akauliza, "Alijua? Yule msimamizi. Alikufa anajua jina yake imekuwa ile neno?"

Misi akafikiri, akasema nadhani alijua, lilienea akiwa hai.

"Na watoto wake?"

Misi hakujua habari za watoto. Mama Musuka akatikisa kichwa taratibu. Nilidhani anamsikitikia yule mtu. Nilikuwa msichana, sikujua kitu.

Sasa nije kwa Kisebwe. Alikuwa kapita wa usafi. Serikali ilimpa filimbi, polisi mmoja wa kutembea naye, na mkasi mkubwa. Alipita nyumba kwa nyumba kutazama vyoo, majani ya uani, maji yaliyotuama, na vichwa. Kichwa chenye chawa kilitakiwa kunyolewa, ndiyo amri. Mtaani kila mtu alijua kwamba nyumba iliyompa kuku haikuwa na chawa. Alikuwa na tabia ya kupuliza filimbi akiwa tayari ameingia ndani, ndipo anasema hodi. Mpaka leo nikisikia filimbi, hata ya mchezo wa mpira, najishika kichwa.

Nilikuwa nimeposwa na kijana wa shemandefere, fundi wa mashine, kwao Kibombo. Nilimtaka. Nasema wazi kwa sababu wakati ule msichana hakutakiwa kusema. Ndoa ilikuwa karibu, shangazi zake walikuwa njiani kuja kunichukua, na Mama Musuka alikuwa ameanza kunisuka. Kwetu kichwa cha bibi arusi kikianzwa hakiachwi. Msusi hashiki kichwa kingine, awe mke wa nani, mpaka hicho kiishe, na kinachukua siku kwa sababu kila mstari unapakwa mafuta, unafungwa uzi, unaombewa. Mama Musuka aliamini kwamba akichanganya kichwa kingine katikati, ndoa nayo itaingia mtu katikati. Alikuwa ananisuka vile walivyosukwa wanawake wa zamani, mistari inapanda kutoka shingoni inakutana utosini.

Mke wa Kisebwe akatuma mtu. Kulikuwa na sikukuu kwa Wazungu, makapita wamealikwa kusimama uwanjani na wake zao, anataka kusukwa leo hii. Mama Musuka akajibu kwa adabu kabisa, mpe salamu mama, nina bibi arusi mikononi, nikimaliza nitamfuata mwenyewe mpaka kwake. Mtu akarudi. Akaja tena, anasema baba kapita anasema leo. Mama Musuka akajibu neno lile lile.

Asubuhi iliyofuata tulisikia filimbi iko ndani ya nyumba.

Kisebwe hakutazama choo, hakutazama maji. Alinyoosha mkono akasema kichwa hiki kina chawa. Mama Musuka akamwambia, Baba, mimi nimekaa katika kichwa hiki tangu juzi, hakuna chawa hata mmoja. Akamwambia aje atazame mwenyewe, akafungua mistari kwa vidole amwoneshe ngozi. Hakutazama. Polisi alinishika mabega, wakanitoa nje mbele ya watu, na Kisebwe akakata mwenyewe. Mkasi ulikuwa butu. Alipomaliza alikung'uta mikono kwenye kaptula yake, akasema sasa iko safi, akaenda nyumba ya pili.

Mama Musuka aliokota nywele zangu zote kutoka vumbini. Alizitandaza juu ya ungo mweupe juani, akapiga magoti, akazipekua uzi kwa uzi mbele ya majirani wote waliosimama. Alitaka waone kwamba hakuna. Walitazama, wakasema kweli hakuna. Halafu kila mtu akaenda zake, maana kapita ni kapita.

Shangazi za yule kijana walifika wakanikuta na kitambaa kichwani. Mkubwa wao akakivuta. Kwetu mwanamke mwenye kichwa kitupu ametoka kuzika mume. Hakutaka maelezo. Alisema hawakutoka Kibombo kuja kuchukua mjane, akageuka, na mizigo yao haikufunguliwa hata mmoja. Kijana alilia, naambiwa. Alioa mwaka ule ule. Mimi nilikuja kuolewa baadaye na mtu mwema, nikazaa naye, sina neno juu yake. Lakini ile nyumba ya kwanza ilikuwa yangu, na nilinyang'anywa kwa sababu mwanamke mmoja alikataa kungoja zamu.

Sasa ngoja nikueleze alivyofanya kazi yake, maana kisasi nacho ni kazi.

Kichwa cha kwanza kilichokuja kwake baada ya mimi kilikuwa cha mtoto mwenye chawa kweli. Akamtoa mmoja, akamweka juu ya ukucha wa dole gumba, akamtazama sana. Mama wa mtoto akasema, ni chawa. Mama Musuka akasema hapana, huyu njo Kisebwe. Akambonyeza kwa ukucha mwingine, tukasikia ta. "Kisebwe moja amekufa," akasema. Wanawake walishtuka, wakatazama mlangoni. Halafu mmoja akaziba mdomo kwa kitenge, mabega yakaanza kumtikisika.

Kuanzia hapo neno chawa halikuingia tena nyumbani mwake. Ukimwambia mwanangu ana chawa, alikutazama kama husemi lugha anayoijua. Chawa? Yeye hamjui huyo. Ungoje mpaka useme vizuri. Watoto ndio waliojifunza upesi, na watoto hawana woga. Walikimbizana barabarani, nakuua, kisebwe wee. Wale ambao lugha zao husema bi badala ya vi wakaongeza bi yao, bisebwe, kama bitu na bitoto. Mama Musuka hakuongeza chumvi yoyote, hakumsimulia mtu habari za mkasi. Nilimuuliza kwa nini hawaambii watu alichonifanyia. Akanijibu kwamba watu wakijua kisa watachoka nacho, lakini chawa hawachoki kuzaliwa.

Kisebwe mwenyewe ndiye aliyelitangaza. Alimshitaki kwa mkubwa wa mtaa kwamba anamvunjia heshima. Baraza likajaa, watu wamepanda mpaka kwenye kuta. Na mshitaki lazima aeleze amefanywa nini, basi akalazimika kusimama na kusema kwa mdomo wake, bwana mkubwa, huyu mama anaita chawa kwa jina langu. Wale ambao hawakuwa wamesikia walisikia siku hiyo. Mama Musuka alipoulizwa aliinamisha kichwa kwa heshima.

"Bwana mukubwa, mimi kazi yangu kuua chawa," akasema. "Huyu anasema nikiua chawa, yeye njo anaumia. Mumuulize sababu."

Mkubwa wa mtaa aliinama chini ya meza kutafuta kitu ambacho hakikuwa kimeanguka. Kesi iliahirishwa, na haikuitwa tena.

Lakini siku ninayoipenda, siku ambayo nikiwa mgonjwa naikumbuka napata nafuu, ni ile ya unga. Vita ya Wazungu ilikuwa imekwisha, na serikali ilileta dawa nyeupe ya unga ya kupulizia watu vichwani. Akaja daktari mpya, kijana, mwenye bidii, ambaye alikuwa anajifunza Kiswahili kwa mpishi wake. Mpishi baadaye aliapa hakukusudia kitu, ila aliapa huku anacheka. Tulipangwa uwanjani, mtaa mzima, na Kisebwe amesimama pembeni ya daktari na debe la unga, maana kazi ya kapita ni kurudia maneno ya Mzungu kwa sauti kubwa ili wote wasikie.

Daktari akapanda juu ya sanduku. Akasema, kwa Kiswahili kizuri kabisa, leo tutaua bisebwe wote, wakubwa na watoto wao, tukiacha hata mmoja watazaa tena. Akamgeukia kapita arudie.

Kisebwe akasema kwa sauti, munganga anasema leo tutaua chawa. Daktari akatikisa kichwa, akamrekebisha mbele yetu, polepole, kama mwalimu na mtoto wa darasa la kwanza. Si chawa, akamwambia. Bisebwe. Sema. Na Kisebwe akasema. Alisema jina la baba wa baba yake, mbele ya watu wote aliowahi kuwapulizia filimbi, na watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Daktari naye alicheka, alidhani tumefurahia Kiswahili chake. Mimi sikucheka. Nilikuwa namtazama tu Kisebwe usoni, nashiba.

Mama Musuka hakuwa na hali moja, na hilo nalo niliseme. Alisali sala zote tano, alifuturisha maskini, alifunga hata siku ambazo si za lazima. Katika dua zake alimwomba Mungu awasamehe Waislamu wote, walio hai na waliokufa, halafu alimtaja mmoja atolewe. Nilimsikia kwa masikio yangu. Nilimwambia, Mama, dua ya namna hiyo ipo kweli? Akasema Mungu anajua kusoma hata jina lililofutwa.

Watoto wa Kisebwe walikuja kwake kusukwa, hakuwafukuza. Aliwatunza kuliko wengine. Aliwapa karanga, hakuwavuta nywele, na alipotoa mdudu kwenye vichwa vyao alimwua kimya bila kusema jina. Nilikasirika sana. Nilimwambia angewasemea hata mara moja, wakampelekee baba yao. Akasema watoto hawakushika mkasi. Lakini watoto hao hao, wakicheza nje na wenzao, walisema bisebwe kama kila mtu, hawakuwa na neno lingine. Hata mama yao, yule aliyekataa kungoja zamu, nilimsikia sokoni anamwambia muuza vitana kwamba anataka chenye meno madogo kwa ajili ya bisebwe. Akajisikia, akashika mdomo. Muuza vitana, ambaye alikuwa mtu wa Pangi na hakujua kitu, akamuuliza kama jino linamwuma.

Siku nyingine akaja mwanamke mgeni kabisa, ametoka Obokote, msituni kule, na mtoto mgongoni. Amesikia kuna fundi wa vichwa. Akasema mwanawe haoni usingizi kwa bisebwe. Mama Musuka akamuuliza kwa upole, neno hilo amelisikia wapi. Yule mwanamke hakuelewa swali. Akasema kwao wanasema hivyo, siku zote. Mama Musuka akamsafisha mtoto, akawapa chakula, akawasindikiza mpaka njiani. Aliporudi akakunja mkeka jua likiwa bado juu, jambo ambalo sikuwa nimewahi kuliona, akapika wali kwa nazi ya kununua bei mbaya, akaniita tule. Hatukuzungumza habari zile. Alikula sana.

Miaka ikaenda. Vidole vyake vikaanza kukataa kukunjika, na mimi nikachukua kazi yake, kwenye mkeka ule ule. Yeye alikaa ukutani na tasbihi akinisahihisha. Kisebwe alikuwa ameshatolewa kazini, kwa sababu kapita ambaye watu wanacheka akipuliza filimbi hafai kitu kwa serikali. Tulisikia ni mzee, anaumwa magoti. Wakati huo Wabeleji walikuwa bado wapo, lakini watu walishaanza kuwajibu.

Alikuja baada ya sala ya alasiri, anatembelea fimbo. Alibisha hodi nje, akangoja mpaka aitikiwe. Nilikuwa nasuka msichana mdogo. Nikainuka nikamletea maji, kwa sababu mgeni hupewa maji hata kama ni yeye. Alipokea kwa mikono miwili, akaniita mama. Macho yake yalinipita yakaenda kwa Mama Musuka.

Alizunguka sana. Aliuliza afya, aliuliza mvua. Halafu akasema mwanawe amepata mtoto mwanamume, wa kwanza, na kwao mtoto wa kwanza huchukua jina la babu. Ni jina la ukoo, limeshuka hivyo tangu zamani. Wakwe wamekataa. Wamesema wajukuu wao hawaitwi kwa jina la mdudu, na hata mwanawe mwenyewe amenyamaza, hamtetei baba yake.

"Mama, nilikuja kuomba," akasema. "Unirudishie jina yangu."

Mama Musuka akasema yeye hakuchukua kitu cha mtu. Kisebwe akasema anajua, anajua, lakini wanawake wote wanamsikia, akiwaambia waache wataacha. Sauti yake ilikuwa ndogo. Maji yalimwagika kidogo juu ya goti lake.

Nilimtazama Mama Musuka, nikaona anazungusha tasbihi bila kuhesabu. Niliogopa. Niliogopa atasamehe, uzee ni mbaya kwa mambo hayo.

"Sawa," akasema. "Jina kwa jina. Ule binti ulinyoa hapa inje, alikuwa bibi arusi. Sema jina yake. Ukisema, kesho nitapita nyumba kwa nyumba, nitaambia bantu chawa njo chawa."

Kisebwe akatazama sakafu, akatazama mlango, mahali pale pale nje aliposimama na mkasi. Alikuwa anatafuta kweli, nakiri hilo, jasho lilimtoka. Akasema walikuwa wengi, Mama. Wasichana walikuwa wengi. Mama Musuka akasema ndiyo, walikuwa wengi.

Akajaribu jina la baba wa msichana, akakosea. Mama Musuka akamwambia hakuuliza baba.

Ndipo akanigeukia mimi. Nilikuwa nimesimama mbele yake, nimenyoosha mkono kungoja kikombe. Alinitazama usoni kwa mara ya kwanza, macho yake yamejaa maji, akaniomba kama mtu anavyomwomba ndugu yake.

"Mama, weye ulikuwa unaikala mutaa huu. Lazima unamujua. Unisaidie, uniambie tu jina yake anaitwa nani."

Mama Musuka aliinamia tasbihi yake. Hakunitazama, hakunikonyeza. Jina langu lilikuwa hapa, juu ya ulimi. Ni jina fupi. Nilimfikiria yule mtoto mchanga, na nikaona majina ni mengi duniani, watampatia mojawapo.

Nikamwambia simjui. Akanikabidhi kikombe, akanishukuru kwa maji, akaondoka.